Waliotoka: kisa cha akaunti ya simu kwa akina mama wa soko la Kibuye

Swali nililoletewa lilikuwa fupi. Benki moja ilikuwa imeanza kusajili vikundi vya akina mama wanaouza katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwenye akaunti ya pamoja inayoendeshwa kwa simu. Shirika lililokuwa likiwapa akina mama hao mafunzo ya biashara lilitaka kujua kama akaunti hiyo itawafaa kimaisha. Halikuuliza faida ya benki wala idadi ya waliojisajili, maana hayo benki yenyewe ilikwisha kuyahesabu. Liliuliza habari ya chakula nyumbani, karo, usalama wa mwenye pesa, na kama kikundi kitabaki kikundi. Nilipewa wiki sita na kijana mmoja wa kunisaidia kuhoji watu.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu jibu halikuanzia sokoni. Lilianzia kwenye katoni iliyokuwa imekaa stoo miaka kumi na ushei, yenye madaftari ya mradi mwingine, wa mahali pengine, uliokwisha zamani. Ripoti ya mwisho ya mradi ule niliiandika mimi mwenyewe. Na jambo la maana kuliko yote yaliyokuwamo kwenye madaftari yale, sikuliweka kwenye ripoti.

Akaunti yenyewe

Ukisoma maelezo yake, ilikuwa akaunti iliyofikiriwa vizuri. Kila mwanachama anatuma mchango wake kwa simu siku waliyokubaliana. Pesa hazitoki mpaka viongozi watatu waingize namba zao za siri, kila mmoja kwa simu yake. Mmoja akikataa, zinabaki. Ikiingia au ikitoka hata shilingi moja, wanachama wote wanapata ujumbe wenye salio la kikundi. Baada ya miezi mitatu ya kuchangia, mwanachama anafunguliwa mkopo kwa kadiri ya akiba yake: anaomba kwa simu, pesa zinaingia baada ya dakika chache, analipa kwa siku 30. Asipolipa, benki inakata kwenye akiba ya kikundi.

Aliyebuni hao viongozi watatu bila shaka aliwahi kukaa mbele ya sanduku. Vikundi vya kuweka na kukopa kwa sanduku vilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, vikaenea Afrika. Huku kwetu vilikuta akina mama tayari wana nyoluoro, ule mchango wa kuzungushiana ambao Wajaluo walikuwa nao kabla benki hazijawatazama. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wasio viongozi. Anayelilaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, kila mtu ananunua hisa moja hadi tano, mhuri unagongwa kwenye kitabu chake, na mfuko wa jamii unachangiwa kando kwa ajili ya ugonjwa na matanga. Mwisho wa mwaka pesa zote zinagawanywa kulingana na hisa, sanduku linabaki tupu, wanaanza upya.

Akaunti ya simu, basi, ilikuwa imerithi kufuli tatu. Tulichotakiwa kujua ni nini kilichoachwa nyuma, na kama kilichoachwa kilikuwa kinawasaidia watu kitu.

Ukurasa wa nyuma

Mradi wangu wa zamani ulikuwa upande wa Nyando, kwenye uwanda wa Kano, kule ambako mvua ya masika ikizidi mto unavunja kingo na watu wanahamia shuleni na magodoro kichwani. Tulianzisha vikundi vya sanduku kwa miaka mitatu. Ripoti niliyoiandika ilisema vikundi vingapi, wanachama wangapi, akiba kiasi gani, mikopo mingapi. Fomu ya mfadhili ilikuwa na nafasi ya hayo tu, nami nikaijaza.

Nilipomwambia msaidizi wangu kwamba tuanzie stoo, aliona ni kupoteza wakati, na nilimwelewa. Sanduku la bati la kijijini lina uhusiano gani na simu ya mjini? Nikamwomba asubuhi moja. Tulikaa siku tatu.

Kila katibu alikuwa na ukurasa wa mwisho wa daftari, ukurasa wa waliotoka. Una safu nne: jina, tarehe, pesa alizorudishiwa, sababu. Sisi ndio tuliowafundisha kuuchora, ili mtu aliyekwisha kulipwa asije akadai mara ya pili. Safu ya sababu ilikuwa nyongeza tu. Lakini makatibu waliijaza kwa uangalifu, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Dholuo, kwa maneno ya mwenyewe alivyosema. “Ameitwa Nairobi kulea mjukuu.” “Alipigwa faini mbele ya mkwewe.” “Mkopo umemshinda, anaona haya kuja.” “Mafuriko yamechukua kuku wote.” Na mara kwa mara, maneno mawili: “Chuore ong'eyo.” Mumewe amejua.

Miaka yote ile nilikuwa nikihesabu walioingia. Sikuwahi kukaa chini nikasoma waliotoka.

Hatukutafuta asilimia. Tuliyasoma madaftari kama mtu anavyosoma barua, tukiweka pamoja zinazofanana. “Chuore ong'eyo” ilitushangaza zaidi, kwa sababu ilikuwa imejaa kwenye vikundi vingine na kwenye vingine haipo kabisa. Msaidizi wangu ndiye aliyegundua tofauti. Utaratibu ulitaka vitabu vya hisa vifungiwe sandukuni pamoja na pesa. Vikundi vilivyokuwa na maneno hayo mengi ni vile vilivyowaruhusu wanachama kwenda na vitabu nyumbani. Kitabu kiko chini ya godoro, mume anakiona, anasoma mihuri, anajua kiasi.

Hapo ndipo nilipoelewa sanduku lilikuwa likifanya kazi gani nyingine. Mwanamke akiombwa pesa na shemeji jioni, alikuwa na jibu la kweli lisiloleta ugomvi: pesa ziko kikundini, na sanduku halifunguliwi mpaka Jumanne. Ugumu wa kuzifikia pesa ulikuwa ndio ngao yake. Nasi tuliokuwa tukiandika ripoti tuliuorodhesha ugumu huo chini ya “changamoto”.

Aibu nayo ilikuwa na kurasa zake. Aliyeshindwa kulipa mkopo mara nyingi alitoka kikundini akiwa bado na akiba ndani, akaja mwingine kumchukulia. Lakini palikuwa na vikundi ambavyo mtu wa namna hiyo hakutoka. Tulipowapigia simu makatibu wawili wa zamani, mmoja akatueleza: kwao mtu akichelewa, mwenyekiti alimtembelea usiku wa kuamkia mkutano, wakapanga cha kusema. Mbele ya kikundi alisimama akiwa na maneno tayari. Hilo halikuwa kwenye kanuni zozote tulizowafundisha. Wao walilibuni.

Majirani wa Busia walikwisha kupima

Anayetaka ushahidi mzito kuliko daftari la katibu anao, tena hapa hapa magharibi mwa Kenya. Eneo la Busia limechunguzwa kwa habari ya akiba kuliko sehemu nyingi za bara hili.

Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti katika kituo cha soko cha Bumala, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliwafungulia wachuuzi na waendesha baiskeli za boda akaunti katika benki ya kijiji, akaunti isiyo na riba, na kutoa pesa kulitozwa ada. Ukifikiri kwa akili ya biashara, nani ataweka pesa pasipo riba tena alipie kuzitoa? Akina mama wa sokoni waliweka, wakaongeza mtaji kwenye biashara zao. Kwa wanaume wa baiskeli haikuonekana tofauti. Akaunti ile ile, soko lile lile, na faida ikaenda upande mmoja.

Baadaye wakishirikiana na wenzao walilipia watu wa uliokuwa Mkoa wa Magharibi gharama ya kufungua akaunti. Asilimia 63 walifungua. Waliozitumia kweli kweli walikuwa asilimia 18. Wengine hawakuiamini benki, waliona huduma haina uhakika, au ada ya kutoa pesa iliwazuia. Kila ninaposikia benki ikitangaza idadi ya akaunti zilizofunguliwa, nakumbuka pengo lile kati ya 63 na 18.

Utafiti wa tatu ndio ulionikaa kichwani kwa majuma. Simone Schaner aliwachunguza watu wa ndoa magharibi mwa Kenya ambao baadhi yao walipewa bure kadi za kutolea pesa kwenye mashine. Kadi iliondoa foleni na kupunguza ada. Akaunti za wanaume na zile za pamoja zikatumika zaidi. Za wanawake hazikufuata, na kwa wanawake wenye sauti ndogo nyumbani kadi iligeuka kuwa tatizo, kwa kuwa pesa zilizokuwa ngumu kuzifikia sasa mume angeweza kuzifikia kirahisi. Hii ni “chuore ong'eyo” ya makatibu wa Kano, imepimwa kitaalamu na mtu ambaye hakuwahi kuliona daftari lao.

Kuna na utafiti wa masanduku ya afya, wa Dupas na Robinson tena, 2013, uliofanywa na vikundi 113 vya kuzungushiana. Waliopewa sanduku la bati na ufunguo wake mkononi waliongeza sana pesa walizotumia kwa kinga ya afya. Sanduku ambalo ufunguo ulikaa na afisa wa mradi halikuleta ongezeko hilo, kwa kuwa pesa zilifungwa hata mtu akipatwa na dharura. Ugumu wa kuzifikia pesa, kwa hiyo, una kipimo chake: ukizidi unamtesa mwenye pesa, ukipungua unamwacha wazi.

Nimeyataja haya kwa sababu daftari la mradi mmoja linaweza kukudanganya. Kikundi kinaweza kuwa na katibu mnung'unikaji, au kijiji chenye ugomvi wake. Daftari la Kano na utafiti wa Busia viliposema neno moja, nilikuwa na ujasiri wa kulipeleka Kibuye kama swali. Kama jibu bado.

Sokoni

Benki haikuweza kutupa majina ya wanachama waliolala, yaani wale ambao hawajachangia kwa muda mrefu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aridhie kwanza, na walifanya sawa. Tulipitia makatibu wa vikundi; wao wakapeleka ujumbe, na aliyetaka kuzungumza alikuja. Mpango wetu ulikuwa umegeuka. Badala ya kuchagua wanachama na kuwauliza wameridhika kiasi gani, tulianza na walioacha, kisha tukarudi kwa waliobaki tukiwa na maneno ya walioacha.

Jumapili Kibuye hakuna nafasi ya kuketi. Soko limefurika mpaka barabarani. Tulihoji Jumatatu na Jumanne, kati ya magunia ya omena, yaani dagaa, na mafungu ya sukuma, wakati akina mama wanapumua.

Mama mmoja wa nguo za mitumba, aliyeniita mwalimu kwa kuwa aliwahi kuhudhuria mafunzo yangu, alinieleza kwa sentensi ambayo nimeirudia kwenye kila mkutano tangu siku hiyo. “Mwalimu, sanduku halikuwa likiita usiku.” Simu yake inashikwa na watoto wakifanya kazi za shule, na mumewe anaitumia yake ikiisha chaji. Ujumbe wa salio la kikundi ulikuwa ukiingia saa yoyote mwenzake mmoja akichangia. Mumewe alisoma jumla ya pesa za wanachama wote ishirini na kitu akadhani ni za mkewe. Walishindana siku mbili. Akaona heri atoke.

Benki ilipoweka ujumbe kwa wote ilikusudia uwazi, na uwazi ni jambo jema. Kwenye sanduku uwazi ulikuwa wa watu waliokaa duara, saa moja kwa wiki. Kwenye simu ulimfuata mtu mpaka kitandani.

La pili tulilifuata kwa sababu ya ukurasa wa aibu. Tuliuliza kila kikundi: mwenzenu akishindwa kulipa, nani anamwendea? Kwenye vikundi vilivyoendelea kukutana kila wiki, jibu lilikuja haraka na jina la mtu. Vikundi viwili vilikuwa vimeacha kukutana. Kama mchango unatumwa kwa simu, wakaona, kwa nini mtu aache meza yake? Hapo walitazamana. Mmoja akasema wanaona ujumbe wa makato tu. Kikundi kinaamka asubuhi kimekatwa pesa, kila mtu anajua ni za nani, na hakuna aliyemtembelea. Katika kimojawapo, mwanachama alifiwa na mamake, wenzake wakapata habari baada ya mazishi. Nimekaa na Wajaluo maisha yangu yote. Kikundi cha akina mama kukosa kufika matangani kwa mwenzao si jambo dogo. Mwenyekiti alipolisimulia alifunika uso kwa leso.

Mkopo wa siku 30 nao haukufanana na biashara zote. Muuza mboga anazungusha mtaji kila siku, siku 30 kwake ni nyingi. Mshonaji wa sare za shule anauza Januari, Mei na Agosti, shule zinapofunguliwa. Katikati hapo analipa mkopo kwa kukopa kwingine. Tulikuta wawili waliokuwa wakichukua Fuliza, ule mkopo mfupi wa M-Pesa, kulipa mkopo wa kikundi, ili wenzao wasikatwe. Hesabu za benki ziliwaonyesha kuwa walipaji wazuri.

Hili la mwisho si la Kibuye peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa FinAccess ulionyesha kwamba Wakenya wanaofikiwa na huduma rasmi za kifedha walipanda kutoka asilimia 75.3 mwaka 2016 hadi 83.7 mwaka 2021. Katika kipindi hicho hicho, walio na afya ya kifedha, yaani wanaomudu matumizi ya kila siku, kuhimili dharura na kuwekeza kwa ajili ya kesho, walishuka kutoka asilimia 39.4 hadi 17.1. Ndani ya miaka hiyo palikuwa na ukame, nzige na korona, kwa hiyo siwezi kuwalaumu wenye mikopo ya simu peke yao. Ila mtu akiniambia kufikiwa ni sawa na kufaidika, namwonyesha tarakimu hizo.

Palipotupoteza

Ujuzi wa Kano ulitukosesha pia, na ni haki niseme wapi.

Nilikwenda Kibuye nikiamini wanawake wazee ndio watakaoumia na simu. Kule kijijini waliotoka kwa sababu ya hesabu na maandishi walikuwa wazee. Sokoni nilikuta nyanya asiyejua kusoma anayetambua ujumbe wa pesa kwa urefu wake na mahali tarakimu zilipo. Miaka ya M-Pesa imemfundisha. Walioumia zaidi walikuwa wake vijana wenye simu moja nyumbani.

Tena nililipenda sanduku kupita kiasi. Akina mama wa Kibuye walilikumbuka kwa hofu. Kulibeba Jumapili jioni katikati ya umati, kulilaza katika chumba cha kupanga Manyatta au Nyalenda chenye mlango wa mbao nyepesi, mtu halali usingizi. Kijijini kila jirani alikuwa mlinzi wa sanduku. Mjini jirani hulijui jina lake. Kwao akaunti ya simu iliondoa mzigo wa kweli, nami ningewahoji kwa maswali ya Kano peke yake nisingeusikia.

Na kuna usiku mmoja ambao mama wa samaki alitusimulia. Dadake huko Homa Bay alishikwa na uchungu wa uzazi kabla ya wakati. Viongozi watatu waliingiza namba zao za siri saa tano usiku, kila mmoja kitandani kwake, pesa za mfuko wa jamii zikafika, gari likapatikana. Sanduku lingengoja Jumanne. Utafiti wa William Jack na Tavneet Suri, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kitu cha namna hii nchi nzima: kaya zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na pigo la kipato, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7, za watumiaji hazikushuka, kwa sababu ndugu na marafiki waliweza kuwatumia pesa upesi. Hilo ni jema kubwa na tathmini yoyote inayolificha si ya kweli.

M-Pesa yenyewe ilizaliwa kwa mtu kukubali kusoma mradi uliokwenda tofauti na matarajio. Majaribio ya 2005, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalikusudiwa kuwarahisishia wakopaji kulipa mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa. Wangeweza kuandika kwamba watumiaji hawakufuata maelekezo. Badala yake waliuacha mpango wa mikopo, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Tuliyoyapeleka

Ripoti yetu ilisema akaunti inafaa kwa kikundi kinachoendelea kukutana, na kwa kikundi kilichoacha kukutana ina madhara. Sikutaka kuilainisha sentensi hiyo, ingawa niliombwa.

Tulipendekeza ujumbe wa salio usitumwe wenyewe; mwanachama auombe anapotaka, na aone mchango wake kwanza. Benki ilikubali siku hiyo hiyo, na mhandisi wao alisema ni kazi ya siku chache. Iliniuma kufikiria ndoa zilizogombana kwa kitu cha siku chache. Tulipendekeza mkopo wa siku 30 uwe na chaguo la miezi mitatu kwa biashara za msimu. Walisema watalitazama. Tulipendekeza akiba ya kikundi isikatwe ila kwa mkopo ambao kikundi kilikutana kikauidhinisha kabla haujatolewa. Hapo walikataa, kwa hoja kwamba mkopo wa dakika chache ndio unaovuta watu na kwamba lazima wawe na dhamana. Niliielewa hoja ya dhamana. Ile ya dakika chache sikuikubali, na niliandika hivyo.

Kwa kuwa walikataa, tulivishauri vikundi viuondoe mfuko wa jamii kwenye akaunti ile, ili mkopo wa mtu mmoja usile pesa za matanga. Vingine viliufungulia laini ya simu ya pekee inayoshikwa na mweka hazina. Kikundi cha omena kilinunua sanduku la bati, dogo, na kufuli zake tatu. Hukaa na pesa chache tu, nyingine zote ziko kwenye simu. Wazo hilo halikuwa letu.

Pendekezo la mwisho nilivipa vikundi vyenyewe, bila kupitia benki wala shirika: kila katibu achore ukurasa wa waliotoka, na safu ya sababu iwe pana kuliko zote.

Miezi minne baadaye nilipita Kibuye kununua omena. Katibu wa kikundi cha omena alinitambua, akafuta mikono kwenye kanga, akatoa daftari chini ya meza. Ukurasa wa nyuma ulikuwa umechorwa kwa rula. Palikuwa na jina moja tu, na kwenye safu ya sababu: “Laini ilikuwa ya kijana wake. Kijana ameoa, ameenda nayo.” Jina lenyewe lilikuwa limekatwa kwa mstari. Kando yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, pameandikwa: “Amerudi. Analeta mkononi, mweka hazina anamtumia.”

Nikamuuliza ni nani aliyemwendea mpaka akarudi.

“Tulienda sote, mwalimu,” akasema, akaendelea kupima omena.